Santuri Yangu na Santuri ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu anasemea puani. Miye nikimuigiza, watoto hugaragara chini kwa kicheko, na mwenyewe akinisikia hukasirika kwanza, kisha hucheka. Basi asubuhi moja aliingia uani kwangu ameshika bahasha pana ya karatasi inayong'aa, akaniambia kwa pua yake yote, "Mwenzangu, ile santuri yako sasa funikia mtungi. Mwanangu kaniletea mpya kutoka Uarabuni."

Lilikuwa juma la harusi. Mjukuu wa marehemu mume wetu alikuwa anaolewa. Bibi yake hasa, mke wa kwanza, alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kumshika mkono bibi harusi siku ya kumtoa mbele za watu alikuwa mmoja wetu: miye, au huyu wa puani. Na kwetu wanawake wa Ngamiani jambo hilo si dogo. Anayemtoa bibi harusi hutazamwa yeye, kanga yake na mwendo wake, akasimuliwa mpaka mwakani. Niliitaka nafasi ile, sioni haya kusema. Tukagombana hata mama wa binti akachoka. "Mama zangu," akasema, "mtoto atatoka kwa ule wimbo wa chama chenu cha taarabu. Kila mmoja alete santuri yake tusikilize. Itakayopendeza ndiyo itakayopigwa, na mwenye nayo ndiye atakayemtoa."

Wimbo wenyewe ulikuwa mmoja, hata hiyo mpya ni uleule wa zamani umenakiliwa upya. Ulipotiwa kwenye santuri tulikuwamo sote wawili, wasichana, tunaitikia nyuma. Santuri yake ya zamani aliiua mwenyewe miaka ile ya foleni. Sindano za gramafoni zilipotea mjini. Ukienda dukani kwa yule mzee wa Kihindi anatazama dari: "Sindano hapana iko, mama. Sabuni hapana iko. Iko mimi tu." Basi mwenzangu akawa anapigia sindano ileile ya chuma, imekuwa butu kama jembe, mpaka ikachimba santuri na wimbo ukageuka kukoroma.

Miye nilikuwa na shemeji yangu, kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule Maramba. Akija mjini huniletea ncha za majani ya mkonge, ile miba myeusi. Unaianika juani, unaichonga kwa wembe, unaichomeka pale pa sindano. Sauti inakuwa ndogo, lakini haiparuzi. Wimbo ukiisha, mwiba unautupa unatia mwingine. Mwenzangu alinicheka kila mtaa. "Yule anatoboa santuri kama anatoa funza." Yangu ilikuwa inaimba.

Alhamisi tukakutana uani kwa mama wa binti. Wanawake walikuwa wanachambua mchele wa pilau, kila mtu na ungo wake. Mtoto wa mwenzangu alikuja na mashine yake, kanzu nyeupe, marashi unayasikia kabla hajafika. "Mama zangu," akasema, "hii, yaani, imesafishwa kwa mitambo. Vumbi lote, yaani, limetolewa. Utadhani, yaani, mwimbaji kakaa hapa mkekani."

Akaipiga. Na nisiwe mnafiki, ilikuwa nzuri. Fidla unasikia uzi unavyokwanguliwa. Ngoma zinanguruma chini, mchele unarukaruka kwenye ungo. Hakuna kelele hata chembe. Shangazi wa bwana harusi, Mpemba mmoja ambaye sijapata kumsikia akisifu kitu, akatikisa kichwa. "Njema hii," akasema. "Njema wallahi." Nikaiona siku ya harusi itakavyokuwa, kanga yangu mpya imekaa nyuma, imefichwa na mgongo wa mwenzangu.

Naye akanigeukia. "Utapiga yako, au unaona haya?"

"Haya nilimwachia mume wetu," nikamwambia. "Napiga."

Nikazungusha mkono wa gramafoni, nikachomeka mwiba. Ikaanza na mlio wa dagaa kwenye mafuta. Yule kijana wa yaani akatabasamu na marashi yake. Kisha wimbo ukaingia, na wanawake wakaacha kuchambua. Ile mpya mwimbaji yuko peke yake, kama kafungiwa ndani ya kabati jipya. Hii watu wamejaa. Unasikia mtu anavuta pumzi, mwingine anasogeza kiti, siye wasichana tumebanana nyuma tunaitikia. Na baada ya ubeti wa pili kikapanda kigelegele, kirefu, chembamba, kinazunguka juu hakitaki kushuka. Kwenye ile mpya hakikuwapo. Nadhani mitambo ilikikuta ikakiona uchafu, ikakifagia.

"Nnani huyo?" akauliza shangazi Mpemba.

Miye nilimjua, nikamgeukia mwenyewe. Mwenzangu alikuwa amesimama, mkono kifuani.

"Miye," akasema. "Miye huyo. Walitukataza vigelegele, nikashindwa kujizuia."

"Mama," akasema mwanawe, "yaani, ni wewe?"

"Nyamaza, baba. Turudishieni pale."

"Pale haparudiki," nikamwambia. "Ni mpaka nianze mwanzo, tena na mwiba mwingine."

"Tia hata mkonge mzima."

Uani pakachafuka kwa kicheko. Tukaisikiliza tena. Siku hizi meno ya mbele hana, akijaribu kigelegele hutoka upepo, na watoto wake hawakuwahi kumsikia alivyokuwa. Wimbo ulipoisha akairudisha ile santuri mpya ndani ya bahasha yake, akampa mwanawe.

"Ipigwe yako," akaniambia.

"Na mkono wa mtoto?" nikamuuliza, kwa pua yake mwenyewe.

Akanitazama, akashindwa kununa. "Shika wewe. Lakini pakifika pangu usimame, watu wasikie."

Siku ya harusi kijana wake aliweka kipaza sauti cha Uarabuni mbele ya pembe la gramafoni yangu. Nikamshika bibi harusi mkono, tukatoka. Pakafika pale, nikasimama kama tulivyoagana. Ukumbi mzima ukamwitikia yule msichana wa kwenye santuri kwa vigelegele, na mwenzangu nyuma yangu akawa anakumbatiwa kama kwamba anaolewa yeye. Kisha nikaendelea, taratibu, kwa makusudi, mguu huu, natulia, na huu.

"Tembea, wewe," nikasikia pua nyuma yangu. "Mtoto anachoka."

Sikugeuka. Santuri ikaisha hatujafika hata nusu ya ukumbi, ikabidi waipige tena.