Mama wa Waya wa Noise Makers

Wewe, uliwahi kuandikwa noise maker? Usinidanganye, najua uliandikwa. Mwalimu akitoka class, prefect anatoa karatasi, anaandika majina ya wenye wanapiga kelele, na ukiongeza neno moja anakuwekea times two, adhabu mara mbili. Mimi sikuwahi. Nilitoka shule nikiwa class two, huko kwetu Bungoma, kabla hata mtu ajue niko na sauti.

Sasa siku yangu ya kwanza ya kazi kwa ile shule ya mtaa wetu wa Munyaka, Headmaster alinipea funguo, akaniambia, "Mama Nekesa, hii hall ni yako. Kiti ikipotea ni wewe. Dirisha ikivunjika ni wewe." Nikasema sawa mwalimu. Kazi ilikuwa kufagia, kupanga viti, na kuunganisha waya za maiki wazazi wakikuja. Hiyo ya waya hakuna mtu alinifundisha. Stima ilinirusha mara moja, nikaelewa. Halafu nikajua fidbaki. Fidbaki ni ile mlio, wiiii, watu wanaziba masikio. Inatokea maiki ikiangalia spika. Hao wawili usiwawekee uso kwa uso, ni kama mama mkwe na bibi ya kijana. Mmoja aangalie dirisha.

Ijumaa moja Deputy, msaidizi wa Headmaster, akaleta watoto watatu mlangoni. Huyo Deputy ndiye alikuwa wa nidhamu, na kwa miaka yote sikuwahi kuona meno yake. "Mama, hawa wameandikwa wiki nzima. Waoshe hii hall mpaka wasahau kuongea."

Wa kwanza alikuwa Nafula, mjukuu wangu mwenyewe, mtoto wa binti yangu Nekesa, miaka kumi na moja, mdomo haina break. Wa pili Kiprop, hawezi kuona kitu bila kukigonga. Wa tatu Wambui, mnyamavu kabisa. Nikamuuliza, "Na wewe umeandikwa ya nini?"

"Nilikuwa nacheka hawa wawili, Kukhu."

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Nafula aliniita hivyo, basi wote wakachukua.

Sasa hao badala ya kusahau kuongea, Kiprop akapindua ndoo akaanza kuigonga, Nafula akashika fagio kama maiki, wakaimba wakiosha. Ningewanyamazisha, lakini niliona hall inaisha haraka kuliko siku zote! Nikaacha. Ijumaa ingine wakaandikwa tena, na hiyo nikajua ni makusudi.

Tulikuwa na mwalimu wa TP, hao wanafunzi wa university huko Kesses wanaletwa shule kujifunza kufundisha. Akaingia na gita na amplifaya yake ndogo, akasikiza, akacheka sana. "Kukhu, unajua hii ni punk?"

"Panki? Ile ya kunyoa nywele kando kando?"

"Hapana bana, ni muziki. Ni ya watu wako na hasira na chords tatu."

Chord ni venye unashika nyuzi za gita pamoja. Wambui alishika hizo tatu mpaka vidole vikatoka malengelenge, na hakulia. Kwa amplifaya kuna kifungo, ukigeuza, gita inaacha kuimba inaanza kukwaruza kama sufuria inasuguliwa na mchanga. Wanaita distoshen. Mwalimu wa TP akimaliza muda wake aliwaachia vyote. Watoto wakajiita Noise Makers, mimi wakaniita Mama wa Waya.

Hasira walikuwa nayo, usifikirie ni ya kuigiza. Choo ya wasichana haikuwa na mlango. Mwaka mzima! Msichana akienda lazima aende na mwenzake, huyo asimame na sweta ameitandaza hivi. Nafula alikuwa anashikia wadogo mpaka anachelewa class. Ndio akatunga wimbo. Ilikuwa na maneno kidogo tu: "Mlango! Mlango! Mlango iko wapi?"

Deputy akasikia. Headmaster akaniita kwa ofisi. "Mama Nekesa, siku ya prize giving Chairman wa wazazi anakuja. Bendi iimbe ule wimbo wa karibu wageni. Hiyo ya choo nikiisikia, hall inafungwa kwao, na funguo unaniletea hapa kwa meza."

Nikawaambia watoto vile imesemwa. Hakuna mahali pengine Munyaka wangepigia hiyo kelele, nyumba zetu zimeshikana ukuta. Nafula akauliza, "Kukhu, wewe unataka tuimbe gani?" Nikamwambia, "Fanyeni mazoezi ya zote mbili." Niliogopa kusema ingine.

Siku ikafika. Deputy ndiye MC. Headmaster alikuwa amesema majina ya bendi yapelekwe kwa huyo MC, basi Nafula akararua karatasi ya exercise book, akaandika juu NOISE MAKERS, chini majina matatu. Nikapeleka mimi, nikaweka kwa meza ya Deputy, sikumwambia ni ya bendi. Hapo ndio nilikosea. Ama sikukosea, sijui.

Katikati ya sherehe Deputy anachukua karatasi. Anasoma. Namwona shingo inavimba. Alifikiria prefect ameleta majina ya wenye wanapiga kelele huko nyuma!

"Hata leo? Mbele ya Chairman? Nafula! Kiprop! Wambui! Kujeni hapa mbele. Magoti!"

Watoto walikuwa nyuma ya pazia wanangoja kuitwa, na wameitwa. Wakatoka, Wambui na gita shingoni, Kiprop amekumbatia ndoo na mtungi, ngoma zake. Wakapiga magoti. Wazazi wakaanza kucheka. Deputy akaona gita, akaona ndoo, akaangalia karatasi tena.

Nafula akaniangalia mimi, huko kwa soketi, nimeshika waya. Macho yake yalikuwa yanauliza ile swali ya mazoezi, tuimbe ya mlango? Nikafikiria ufunguo. Nikafikiria sweta. Nikatingisha kichwa ndiyo, nikachomeka waya.

"Mama, toa hiyo waya!"

"Mwalimu, si umewaita wewe mwenyewe?"

Wueh! Kiprop akagonga moja mbili tatu, Wambui akageuza kifungo, na mjukuu wangu akiwa kwa magoti akapiga nduru: "Mlango!" Mara ya tatu wasichana wa nyuma wakajibu, "Iko wapi?" Halafu mama zao. Dirisha zikatetemeka, nikasema Mungu wangu, ikivunjika ni mimi. Maiki nilikuwa nimeiangalisha ukuta, fidbaki hata kidogo.

Ikaisha. Chairman akasimama, akauliza Headmaster, "Kwani mlango iko wapi?" Akasema nipelekeni niione hiyo choo, na tukaenda wote, wazazi nyuma yake kama harusi.

Jumatatu fundi akakuja. Akaweka mlango juu chini, komeo ikawa huko karibu na mchanga, lakini watoto wa class one ndio waliifurahia, waliifikia. Funguo sikuulizwa tena. Deputy alipita hall Ijumaa, akasimama mlangoni. "Mlipiga magoti vizuri," akasema, akaenda. Meno sikuona.

Baada ya hapo tuliitwa Kesses, wanafunzi wa university wakaruka ruka mpaka nikafikiria wanapigana. Tukaitwa Chepsaita kufungua class mpya ya shule, stima ikapotea katikati, Wambui akafanya sauti ya gita na mdomo, tukamaliza hivyo hivyo. Kila mahali wanaanza wakiwa kwa magoti. Watu wanadhani ni maombi.

Sasa nimestaafu. Mwezi wa mwisho nilimfundisha kijana amechukua kazi: maiki na spika wasiangaliane, waya ikunjwe duara isikatike ndani, na wenye wameandikwa usiwanyamazishe haraka, kwanza uliza ni ya nini. Hiyo ya mwisho hakuandika. Nikairudia mpaka akaandika.

Siku nilirudisha funguo, Nafula alinisindikiza nyumbani amebeba fagio yangu. Nikamwambia kitu kinaniuma ni moja tu, nimefanya kazi shule miaka yote hiyo na jina langu halijawahi kuandikwa kwa karatasi ya noise makers.

Akasimama barabarani. "Kukhu, naapa. Kila mahali tutapiga, nikisoma majina ya bendi naanza na yako. Na nakuwekea times two. Lakini wewe utapewa kiti, magoti tutapiga sisi."