Kuvushwa Ndani ya Kamba

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, siku ya Jumatano, yapata saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka bado kwenye mashamba ya ulezi, Bwana Afya alisimama nje ya kamba iliyozungushiwa nyumba yetu, akatuambia kwamba bibi amefariki katika kambi ya wagonjwa.

Kamba hiyo ya katani ilifungwa siku bibi alipochukuliwa, kipindupindu kilipokwisha kuingia vijiji vya upande wa Kate. Mgambo aliilinda. Aliyetuletea unga aliuweka chini akaondoka, ndipo mama akauokota. Maji tuliyachota kwenye kisima kile kile cha uani. Dawa ya kukitibu iliahidiwa, ikachelewa. Nakumbuka jinsi uwanja niliochezea miaka yote ulivyokuwa mdogo ghafla.

Mama hakulia kwanza. Aliniangalia mimi.

"Bwana Afya, huyu amelala kitanda kimoja na marehemu tangu aache ziwa. Asipovushwa, atafuatwa."

Kwetu, mtoto aliyelala na mzee huvushwa juu ya jeneza kabla udongo haujaingia: ndugu mmoja humtoa upande huu, mwingine humpokea upande wa pili. Hapo marehemu huelewa kwamba wameachana. Asiyevushwa huitwa usiku, hukonda, kisha huenda. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu, na nilikwisha kuanza kuogopa kitanda.

"Mama, siwezi," Bwana Afya alijibu. "Nimekubali azikwe shambani kwenu, ndani ya kamba, mbali na kisima. Hilo tu limenigharimu. Hakuna atakayesogea mpaka tufukie."

Baba mdogo Leonsi, mdogo wake baba, aliyezoea kumtania kila mtu, alimwambia, "Ninyi watu wa Mbeya, kumbe hata wafu mnawapulizia dawa kama kahawa?"

"Tunawapulizia, kaka. Ili nisirudi kukupulizia wewe."

Baba mdogo alicheka. Baba hakucheka.

Jeneza lililetwa adhuhuri. Vijana wawili wenye mabuti na glavu walilishusha kaburini, wakalinyunyizia klorini mpaka mbao zikatiririka. Sisi tulisimama mbali, kama tulivyoagizwa. Mmoja wao alipoinua koleo, mama alipiga magoti kwenye tope. Bwana Afya alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama barabara.

"Dawa imepungua," aliwaambia vijana. "Twendeni kwenye gari tukachanganye nyingine. Tukirudi, nataka kukuta watu hawa mahali walipo sasa."

Pampu ilikuwa bado nzito mgongoni mwa kijana. Wote tuliiona.

Baba aliniinua. Chini yangu niliona mbao zilizolowa, harufu ya klorini ikaniingia machoni, na mikono ya baba mdogo ikanipokea. Ukingo ulimomonyoka. Mguu wake mmoja ulitumbukia hadi gotini. Alinibana kifuani pake kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika udongo uliokuwa ukichuruzika maji ya jenezani. Akapanda. Akajifuta kwenye suruali.

"Bibi amekukataa," aliniambia. "Anasema unakoroma."

Usiku huo nililala vizuri. Ijumaa alfajiri baba mdogo aliugua, na Jumamosi alifia kambini. Mama aliomba tena, kwa maneno yale yale, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mikononi mwake. Safari hii Bwana Afya hakwenda kuchanganya dawa. Baba mdogo alizikwa nje ya kamba, nasi tukasikia makoleo tu.

Nilikuja kusoma afya ya jamii chuo kikuu, na najua jinsi ya kuuliza swali hilo kwa utaratibu: je, kilichomuua baba mdogo ni udongo wa kaburi, au ni maji ya kisima ambayo sote tuliyanywa? Muda wa ugonjwa kujitokeza unaruhusu majibu yote mawili. Nimelirudia mara nyingi, na kila mara nimekwama palepale.

Mwaka jana nilimkuta Bwana Afya nyumbani kwake Izia, mjini Sumbawanga, amestaafu, anapukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitambua kwa jina la baba. "Wewe ndiye uliyevushwa."

"Ndiye mimi. Ungekataa siku ile, ningeishi na hofu."

"Ungeishi nayo. Na Leonsi labda angekuwepo." Alichukua hindi jingine. "Labda. Nilikuonea huruma wewe kwa sababu nilikuona. Yeye nilikuwa simuoni, alikuwa ananitania."

Siwezi kumlaumu kwa huruma iliyonipa usingizi, wala siwezi kuishukuru bila kumkumbuka aliyenipokea upande wa pili. Kila ninapotakiwa sasa kusaini agizo la kuifunga nyumba ya watu, namwona mama akiwa amepiga magoti, nami sijui nitageuka kutazama wapi.

Kamba ilifunguliwa Jumatatu baada ya kifo cha baba mdogo, jua likiwa kali. Mgambo alitupitisha mmoja mmoja, akituhesabu kwa kidole. Kabla bibi hajachukuliwa tulikuwa saba. Tulitoka watano.