Lovina Ashusha Gari Mlimani

Kipindupindu kilimmaliza Amosi Strickler kati ya asubuhi na jioni, wahamiaji wenzake wa kwenda Oregon wakamzika kando ya Mto Platte. Magari yote ya msafara, yaliyokokotwa na maksai, yakapitishwa juu ya kaburi ili mbwamwitu wasilifukue. La mwisho kupita lilikuwa lake mwenyewe, na aliyeshika mjeledi alikuwa mkewe, Lovina.

Kiongozi wa msafara, Kepteni Pruitt, alimfuata kofia mkononi.

"Pole sana, Bibi Strickler. Vitu vyako tutavigawa kwenye magari ya wenzako. Mwanamke hawezi kuswaga maksai mpaka Oregon."

"Maksai hawa nimewalea mimi tangu ndama," Lovina akamjibu. "Hata Amosi walimsikiliza kwa hisani yangu tu."

Orrin Gage, aliyekuwa jirani tangu Missouri, akaangua kicheko. "Tutamwokota njiani!"

"Utaniokota ukinifikia, Orrin."

Akatembea ubavuni mwa maksai, nyika kwa nyika, akipikia moto wa samadi kavu ya nyati. Viatu vilipoisha alijifunga vipande vya turubai miguuni. Alimlilia mumewe huku akitembea. Vumbi lilimfanya kila mtu awe na macho mekundu, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Katika milima ya mwisho njia iliteremka wima kama ukuta. Gari la Orrin lilishushwa kwa kamba, kamba ikakatika, gari likageuka kuni. Hakuumia mtu, ila Orrin alikaa juu ya jiwe akiyatazama mabaki.

"Pakua lako, Bibi," Pruitt akasema. "Tuliache hapa."

Lovina akachukua shoka. Akaangusha msonobari, akauacha na matawi yake yote, akaufunga kwa mnyororo nyuma ya gari uburuzwe na kulizuia. Magurudumu ya nyuma akayakaza yasizunguke. Kisha akasimama mbele, akamshika pembe maksai wa kwanza.

"Taratibu, Duke. Taratibu, baba."

Gari likaanza kushuka, matawi yakichimba udongo, mawe yakimpita miguuni. Lingemshinda, lingemsaga yeye kwanza. Alilijua hilo, na hakuiachia pembe. Walipofika chini, aliegemea shingo ya Duke. Halafu akainua kichwa, akapaza sauti:

"Kepteni! Miti imejaa huko juu. Mnangoja nini?"

Magari yote yaliyobaki yakashuka vivyo hivyo. Orrin akaja na sanduku la mkewe begani, macho chini. "Lovina, una nafasi?"

"Ya sanduku, ipo. Wewe utatembea na mimi."

Kesho yake Pruitt akamweka mbele ya msafara, na yeye ndiye aliyeingia wa kwanza katika bonde la Willamette, huko Oregon.

Alilima huko mpaka uzeeni, kwa maksai wake. Kila vuli, wahamiaji wapya walipofika, alitoka barabarani na mikate ya moto, akiuliza, "Kuna mwanamke aliyeswaga mwenyewe?" Akipatikana, Lovina alimshika mkono, akakigeuza kiganja chenye malengelenge, akakitazama kwa furaha.

"Wewe," alimwambia, "ingia ndani kwanza."