Wale Watu Saba wa Fadhul

Fadhul Rajab alipiga debe kituo cha mabasi kwa miaka kumi na tisa kabla hajawa mkalimani, na kwa mpiga debe kiti kitupu ni dhambi. Hilo ndilo alilopaswa kumwambia wakili Akwero siku alipoomba kazi. Badala yake alisema yeye ni Mnubi wa Kawempe, babu yake alikuja na jeshi la wakoloni, na Kiswahili amezaliwa nacho. Nusu yake ilikuwa kweli.

Ofisi yao iliwaandikia wakimbizi maombi ya hifadhi. Akwero, ambaye Kiswahili chake kiliishia sokoni, aliuliza kwa Kiingereza, Fadhul akatafsiri. Siku moja akaletwa Husnah, mama kutoka Uvira. Akaulizwa ni watu wangapi waliovunja mlango wao.

"Sikuwahesabu, papa. Nilikuwa chini ya kitanda," alimwambia Fadhul kwa heshima ya kwao, kisha akanyamaza.

Fadhul aliona kama basi linaondoka tupu. Maskini, huyu atanyimwa hifadhi kwa kukosa maneno! Basi kwa huruma tu, jamani, akamwambia Akwero: watu saba, kofia nyekundu, mmoja anachechemea. Yule wa kuchechemea alimpendeza mno. Jioni akamsimulia mkewe, Lailah, akitarajia sifa. Lailah aliuliza tu, "Kwani wewe ulikuwepo?"

Miezi minne baadaye barua ikaja. Kamati ya hifadhi imekataa ombi la Husnah. Mbele yao, kupitia mkalimani mwingine, alisema hakuhesabu watu, na maelezo yake ya mwanzo yanataja saba, kwa hiyo ni mwongo. Alipewa siku thelathini za kukata rufaa. Akishindwa, hana ruhusa ya kukaa nchini.

"Hao saba walitoka wapi?" aliuliza Husnah.

Akwero akamgeukia Fadhul. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho mezani pale. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni wangu," alisema. "Wote saba. Hata yule anayechechemea."

Akaandika kiapo, ukurasa mzima wa kujiumbua, akatia saini. Akavua na kitambulisho cha ofisi kabla hajaombwa, maana hata kufukuzwa alitaka kuwahi. Akwero akakipokea, akaanza kutafuta mkalimani mwingine. Husnah akakataa.

"Namtaka huyu. Ameshaumbuka, hatarudia."

Siku ya rufaa, afisa aliuliza swali lilelile. Husnah akanyamaza. Ulimi ukamwasha Fadhul. Wale saba wake walikuwa wameshapanga foleni, wanaomba kuingia. Akauma shavu.

"Amesemaje?" afisa akauliza.

"Bado hajasema, mheshimiwa. Tumsubiri."

Wakasubiri. Karani akaweka kalamu chini, akaiokota tena. Ndipo Husnah akasema, "Mama yangu alikuwa juu ya kitanda, mimi chini. Nilihesabu pumzi zake mpaka zikaisha. Watu sikuwahesabu."

Fadhul akayatafsiri hivyohivyo, neno kwa neno. Hakuwa na la kuongeza.

Hifadhi ilitoka mwezi uliofuata, na Fadhul akarudishiwa kitambulisho chake. Bado yuko pale ofisini. Mtu akinyamaza, Fadhul huuma shavu na kungoja, na ndani ya shavu la kushoto sasa ana sugu.