Mama Mwenye Majani Aliyesimuliwa Ukumbini

Admin, tafadhali ficha jina langu. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata msichana tunayekaa naye dawati moja. Nina miaka kumi na saba, niko Kidato cha Tatu, na ninaishi na mama karibu na Malaba. Mama huuza njugu za kukaanga kwa madereva wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Mimi si mtu wa maneno. Nasoma vitabu, basi. Mnisamehe nikieleza polepole.

Mama ana dada mdogo ambaye ni daktari. Nyumbani hata jina lake halitumiki, kila mtu humwita Daktari, mpaka nyanya aliyemzaa. Na kwetu mtu akiugua, kabla hajapelekwa popote, Daktari anapigiwa simu kwanza. Kwenda hospitali bila kumwuliza ni kumkosea heshima.

Nilipokuwa darasa la sita, ndugu yangu mdogo, hapa nitamwita Omoding, alianza kutapika kila asubuhi. Akishatapika anapangusa mdomo na kwenda kucheza. Baadaye akawa anatembea ameinamisha kichwa upande mmoja, tena anagonga fremu ya mlango kama haioni. Mama akataka kumvusha mpaka ampeleke hospitali ya ng'ambo, upande wa Uganda, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini kwanza akapiga simu. Alikuwa anakoroga njugu kwenye sufuria, kwa hiyo simu nilimshikia mimi, ikiwa kwenye spika.

Daktari alicheka. "Dada, huyo anatoroka shule. Mpe dawa ya minyoo. Na usimvushe, watamdunga sindano za bure."

Mama alimtii. Tulipopiga mara ya pili, alisema tungoje aje mwenyewe likizo. Alipofika, Omoding alikuwa akinyoosha mkono kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, nao ulikuwa umekua sana. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Wakati ule Daktari alikuwa akitafiti malaria. Siku ya mazishi alisema mbele ya watu kwamba malaria anaiacha, na maisha yake yaliyobaki atatafiti uvimbe wa ubongo wa watoto. Na kweli alirudi masomoni. Sasa ana maabara, anaalikwa hata nje ya nchi, na anawafundisha wauguzi wasidharau mtoto anayetapika asubuhi. Nilimpenda mno. Nilijua majina ya sehemu za ubongo kabla hatujafundishwa darasani. Aliniahidi kwamba Desemba hii nitakaa kwake, anifundishe kutumia darubini.

Muhula huu alialikwa shuleni kwetu, na mwalimu wa Baiolojia akanichagua mimi nitoe hotuba ya shukrani. Sikumwambia mtu kwamba ni mama yangu mdogo. Niliona ni kama kujigamba.

Aliongea vizuri hata wale wanaosinziaga wakakaa wima. Kisha akasema, "Aliyenitia kwenye kazi hii ni mtoto mmoja wa hapa mpakani. Sitamtaja. Mama yake alimficha nyumbani, akamnywesha majani ya miti mpaka macho yakaingia makengeza. Angeniambia mapema, ningemwokoa."

Ukumbi mzima uliguna. Msichana nyuma yangu akasema, "Aki huyo mama naye. Mtoto anatapika, anamlisha majani kama mbuzi." Wenzake wakacheka.

Halafu nikaitwa mbele. Nilisoma hotuba yangu yote, hata pale nilipoandika kwamba yeye ndiye mfano wangu.

Nilimfuata kwenye gari lake. Nikamwambia hakuna aliyempa Omoding majani. Alinishika bega taratibu.

"Hiyo ni hadithi ya kufundishia," akasema. "Watu hawashtuki mpaka waone kosa la mtu. Na mama yako sijamtaja jina."

"Lakini dawa ya minyoo ulisema wewe."

Akatazama walimu waliokuwa wakimngoja kwa chai. "Hujui ni wazazi wangapi wanakuja mapema kwa sababu ya hadithi hiyo. Usimpelekee mama yako maneno."

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa akichambua njugu kwenye ungo. Akaniuliza Daktari alisema nini, huku ameshaanza kutabasamu. Nikasema aliongea vizuri. Kisha nikamwuliza kama anaikumbuka ile simu ya wakati Omoding alipoanza kuugua. Mkono wake ukasimama.

"Nakumbuka. Alisema ni minyoo. Yeye alisahau, nami nikamwachia asahau. Siku akikumbuka ataiacha ile kazi, na kuna watoto wa wenzetu wanaomhitaji."

Akaendelea kuchambua.

Miaka yote hii mama amembebea dada yake mzigo, na dada yake anazunguka kumbi akimfanya mama ndiye mwenye kosa. Mama hajui. Ninyi mlionizidi umri, ninyi mlio na dada, nishaurini. Nimweleze jinsi anavyosimuliwa kwa watu? Au nikinyamaza nitakuwa sawa na Daktari?

Mpaka sasa nimefanya jambo moja tu, na sijui kama nilikosea. Jumamosi, mama alipoenda kwa malori, nilimpigia Daktari. Nikamwambia, "Mama anakumbuka ile dawa ya minyoo. Hajawahi kusahau." Simu ikakatika. Nikatoa nguo kwenye begi nililokuwa nimeshalipanga kwa safari ya Desemba, nikazirudisha sandukuni.

Daktari humpigia mama kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hii hakupiga. Mama aliweka simu dirishani, mahali mtandao unaposhika, akakaa karibu nayo mpaka chai yake ikapoa. Akaniuliza kama pale shuleni Daktari alionekana mgonjwa. Nikamwambia hapana.