Mwanya wa Kija

Jovitus Lwakatare alikuwa mpiga picha wa kuaminika pale Nyamagana, na kosa kubwa la maisha yake alilifanya kwa kutamba. Mwaka 1998, bidhaa za nje zikimiminika madukani, tajiri wake alinunua kompyuta na skana. Picha moja ikihifadhiwa kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa kitu, ilikula nafasi kama mgeni mwenye njaa, na mashine yenyewe ilikuwa na nafasi finyu. Jovitus akagundua JPEG, aina inayobana picha. Akashusha ubora mpaka chini kabisa, picha zikasinyaa, na zikitazamwa ndogo zilionekana zilezile. Akajisifu mtaa mzima kwamba ameshindilia picha mia tisa. Kilichotupwa ili zitoshee hakujiuliza, mpuuzi yule.

Siku moja Kashindye, mama wa Kisesa, alimletea picha pekee ya bintiye Kija, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka saba. Jovitus akaiskani, akaishindilia kama zile nyingine, akamrudishia karatasi yake.

"Mama, hata hiyo ikipotea, mtoto yumo humu," alimwambia akiigonga kompyuta. "Hatoki."

Mama aliyashika maneno hayo. Mwaka uliofuata mumewe, Shimba, alipofariki, aliilaza ile picha kifuani pake ndani ya jeneza, baba asiende peke yake. Yeye angebaki na ya kwenye mashine.

Matanga yalipokwisha, akaja studio na fremu kubwa ameifunga kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimemfuata Kija. Nitolee mkubwa, ajae humu."

Jovitus akaikuza, akaichapa. Uso ulikuwa umekatikakatika vipande vya mraba, na meno yote yamekuwa utepe mmoja mweupe. Akaihifadhi upya kwa TIFF, ilhali alijua fika kwamba TIFF hutunza kilichopo tu. Akachapa tena. Ikatoka vilevile.

"Kija alikuwa na mwanya," mama akasema taratibu. "Mwanya wake uko wapi?"

Jovitus alitamani ardhi ipasuke immeze. "Niliutupa mimi, mama. Nilikuwa natafuta nafasi. Lete ile ya karatasi, nianze upya."

"Nimemzika nayo baba yake. Si ulisema hatoki?"

Jovitus alilia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wateja. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akaitia picha kwenye fremu na kuitundika ukutani. "Ukiwa mbali kidogo, mama, vile vipande havionekani."

Kashindye akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine, akapita meza, akafika mlangoni, akashuka barazani. Ni pale tu alipotabasamu.

"Sasa namwona," akasema.

Akanyoosha mikono, akapiga hatua moja kumwendea mtoto ukutani. Jovitus akaona tabasamu linamtoka mama, kisha anarudi palepale alipokuwa.