Mama Yangu na Mzee wa Malta

Nakumbuka asubuhi moja kule Harrow, katika mji huu huu wa Waingereza, mwanangu, nikimvisha soksi mzee mmoja mtu wa Malta. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Huyu alikuwa msomi, jina lake Karmenu. Ujana wake wote aliumaliza akizunguka vijiji vya kisiwa chake, akikaa jikoni na bibi vizee na kuandika hadithi zao kabla hazijazikwa nao. Madaftari yalijaa nyumba nzima, mengine hata kitandani. Alihesabu vidonge vyake kwa Kimalta, na akifika sita na saba tulijikuta tunatamka karibu sawa, tukacheka.

Asubuhi hiyo aliniuliza kama mama yangu anajua hadithi. Mama nilikuwa nimemleta kutoka Tanga, tukiishi naye mtaa wa Barking, upande wa pili wa mji. Nikamjibu kwamba mama hakusoma, anajua zile za kulazia watoto tu.

Kisha akasema, "Mama yangu alifariki mchana, mimi niko kijiji cha pili naandika hadithi za mama wa mtu mwingine. Za kwake sikuandika hata moja. Nilijua yupo."

Akaniambia nifungue droo nitoe kinasa sauti chake kidogo, nikakae na mama nimrekodi. Nilikichukua, mwanangu, ili nisimuudhi tu.

Nikamwahidi mama Jumapili. Siku ilipofika alijifunga kanga yake nzuri, akakaa kwenye kochi ananisubiri. Simu ikalia, kuna shifti kazini, nikavaa koti. Mama hakulalamika. Alisema, "Nenda tu, hadithi si maziwa, hazichachi."

Zikapita Jumapili nne, tano, namna hiyo hiyo. Halafu kiharusi kikamchukulia kauli.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Siku moja nilikiwasha kile kinasa mbele yake. Alikitazama, akajua ni kitu gani. Mdomo ukahangaika, ikatoka sauti isiyo neno, akageuzia uso wake ukutani. Nilikizima.

Nilirudi kwa Mzee Karmenu na aibu yangu. Hakunikaripia. Aliuliza jina la mama, akaliandika juu ya ukurasa mtupu, akaniambia nimsimulie ninachokumbuka. Nilikumbuka msichana anaosha mchele mtoni, na ndege anayemwita kwa jina. Yule ndege alitaka nini, sijui mpaka leo. Wanangu wa kuwazaa waliponiuliza kwa Kiingereza chao ikawaje baadaye, nilijifanya naangalia sufuria.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, na ndugu zake wakayarudisha madaftari kwao. Huko Malta kuna ukurasa wenye jina la mama yangu na mistari miwili.

Basi nisikilize, mwanangu. Wewe una simu mfukoni. Ukifika nyumbani leo, kaa karibu na bibi yako, umuulize aliambiwa nini alipokuwa mdogo. Mwache aseme, hata akijirudia, hata kama Kiswahili chake kinakupita. Usiseme hakusoma, kama nilivyosema mimi. Wala usimpangie siku. Kazi za mji huu haziishi, wazee ndio wanaoisha.

Mungu amwachie bibi yako kauli yake mpaka mwisho, na akujalie uwe karibu kuisikia. Amina.